Taa ya Kijani Dukani kwa Gunga

Mbu, Sidi alikuwa amewazoea. Mtu aliyeishi Majengo miaka yote hiyo hawezi kujidai anashangaa mbu. Kilichompandisha mori ni ile taa. Ilikuwa ndogo, haizidi punje ya mahindi, imekaa kwenye kisanduku cheupe kilichopigiliwa ukutani juu ya mlango wa duka la Gunga, na kila alfajiri alipopita kwenda kazini ilimkodolea jicho lake la kijani. Kijani maana yake mtaa uko salama. Kijani maana yake hapana haja ya kupuliza dawa. Sidi alipita chini yake huku anajikuna mikono, na kila siku alitamani kuokota jiwe.

Masika yalikuwa yameanza, mvua za kunyesha na kukatika, na katikati yake jua la kuchoma. Majengo maji ya bomba huja yakipenda, kwa hiyo kila nyumba ina mapipa, ndoo na masufuria yaliyojazwa siku ya neema. Na mbu wa homa ya kidingapopo hana shida na mitaro ya uchafu. Yeye hupenda maji safi yaliyotulia nyumbani kwa mtu. Hayo Sidi aliyajua mwaka uliotangulia, alipompeleka hospitali binti yake Wendy, mwanawe wa pekee, mwili unawaka na mifupa inamuuma hata akawa analia akigeuzwa kitandani. Wendy alipona. Lakini daktari aliyemruhusu kwenda nyumbani alimwita Sidi kando, akamwambia jambo ambalo halikumtoka tena moyoni. Homa hii ya kwanza mara nyingi hupita, alisema. Ikimrudia kwa aina nyingine, hiyo ya pili ndiyo ya kuogopwa, hiyo humfanya mtu avuje damu. Hakikisha mbu hawamuumi tena.

Hakikisha! Kana kwamba mbu hubisha hodi.

Sidi alifanya kila awezalo mama kufanya. Mapipa yake aliyafunika kwa leso kuukuu na kuyafunga kwa mpira. Chandarua alikishona mahali kilipotoboka. Wendy alikuwa kidato cha tatu, umri wa kujipenda, na mama yake alimlazimisha kuvaa soksi ndefu katika joto la Mombasa mpaka wenziwe wakamcheka. Lakini mapipa ya majirani hayakuwa yake kuyafunika. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kiwanja kilichochimbwa msingi, mwenyewe yuko ng'ambo, na shimo lile lilijaa maji hadi ukingoni. Mtaa ule ulihitaji kupulizwa dawa, wote, nyumba kwa nyumba. Na dawa ilifuata taa.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba siku visanduku vilipoletwa, Sidi mwenyewe alipiga makofi. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi mmoja Tudor, na msemaji alikuwa kijana wa mradi wa visanduku aitwaye Lewis, mtoto wa Kaloleni aliyesoma hadi akavaa miwani, lakini ulimi wake ulikuwa bado wa nyumbani, mtu unamsikia na kumwelewa. Alisema kisanduku kina sikio la kusikia mbawa za mbu. Kinapima joto na mvua, kinasikiliza alfajiri na jioni, na siku baada ya siku kinajifunza chenyewe ni hali gani ya hewa huleta mbu wengi. Wazee wa Mji wa Kale waliinuka kupinga. Hawakutaka kitu chenye masikio ukutani kipeleke maneno ya nyumba zao kwa watu wasiowajua. Lewis akawatuliza. Hakuna sauti inayotoka nje, alisema. Kisanduku kikisha kusikia, kinabaki na funzo tu. Wala hakuna mashine kubwa mahali popote inayovitawala. Kila jioni kila kisanduku huita vilivyo karibu nacho, kikavieleza kilichojifunza, navyo vikakieleza vyao, kisha vikakutana katikati. Hivyo ndivyo ujuzi unavyotembea, jirani kwa jirani, kutoka Mji wa Kale kupitia Makadara hadi Majengo na Tudor. Na kwa kuwa hakuna ofisi inayopelekewa habari, gari la wapulizaji dawa lingezunguka lenyewe kila magharibi likitazama taa. Palipo nyekundu, wangeshuka.

Sidi alipenda sana maneno yale. Vitu vinavyojuliana hali bila kungoja mkubwa vilimkumbusha wanawake wa uani wanapokopeshana chumvi. Angejua, angeyarudisha makofi yake.

Alikuwa amezaliwa Ganze, na tangu utoto alikuwa na hasira za karibu. Alipokuja Mombasa kwa shangazi yake akiwa msichana, shangazi alimwambia mapema kwamba nyumba za watu hazitaki mdomo, na Sidi akajifunza kumeza. Alimeza waajiri wawili watatu. Akammeza na baba yake Wendy, aliyekwenda Lamu kwa kazi ya ujenzi, ujenzi ukamnogea akajijengea na nyumba nyingine huko. Mwisho aliangukia kwa Bi Nasiha, Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa yenye kuta nene na ua wa ndani, na huko akakaa. Bi Nasiha hakuwa mwajiri mbaya. Alikuwa mtu wa heshima zake, mjane, mwenye kusema kwa upole na kutaka kila kitu mahali pake. Sidi alifagia, akafua, akapika, na juu ya yote alishika chetezo.

Nyumba ya Bi Nasiha haikukaa bila kunukia. Asubuhi baada ya kufagia, na tena jua likielekea kuzama, Sidi aliweka makaa kwenye chetezo cha udongo, akatupia ubani na kipande cha udi, akazunguka chumba kwa chumba hadi moshi ukaingia kwenye mapazia na mito. Alhamisi, kwa ajili ya usiku wa Ijumaa, moshi uliongezwa mpaka macho yakatoka machozi. Sebule ndiyo iliyofukizwa kuliko vyumba vyote, kwa kuwa ndiyo ya wageni. Mbu hakuthubutu kukatiza hapo.

Na hapo hapo sebuleni ndipo kilipotundikwa kisanduku. Lewis alikuwa ametaka kukiweka uani karibu na birika la maji. Bi Nasiha alimshangaa. Kisanduku kimekuja nyumbani kwake kwa hisani, ni mgeni, na mgeni hawekwi uani mlangoni pa choo. Akakichagulia mahali pa heshima, ukutani kati ya saa na picha ya marehemu mumewe. Wanawake wa ule mtaa waliposikia, nani angekubali kuonekana hajui kupokea wageni? Nyumba baada ya nyumba, visanduku vikaingia sebuleni. Lewis alikuwa na nyumba nyingi za kumaliza, akanywa kahawa aliyopewa, akashukuru, akaenda zake.

Basi masika yale mbu wa Majengo walizidi. Mtoto wa Gunga akashikwa na homa, kisha wawili wa nyumba ya pili, na taa bado kijani. Sidi alikwenda ofisi ya afya, akamkuta bwana aitwaye Bonface, mtu wa bara, mpole kupita kiasi, wa kukuitikia kila neno na asikufanyie lolote. Bonface alimsikiliza. Akamwambia dawa ni chache na gari ni moja, zamani walikuwa wakienda penye kelele na sasa wanakwenda penye taa, na hiyo ndiyo haki. Akamshauri angoje. Sidi alipotoka pale alikosa hata pa kuielekeza hasira, maana yule bwana alikuwa amempa kiti na maji ya kunywa.

Akampigia Lewis simu. Lewis alikiri kwamba hata yeye haelewi. Kisanduku cha Majengo ni kizima, alisema, kinasikia vizuri, pengine kiachiwe muda, vyenyewe kwa vyenyewe vitasahihishana. Sidi alimuuliza kama mbu nao wameambiwa wangoje.

Kumbe jibu lilikuwa mkononi mwa Sidi mwenyewe, na alilijua Alhamisi iliyofuata.

Lewis alikuja nyumbani kwa Bi Nasiha jioni kwa kuwa kisanduku cha pale kilikuwa kimeanza kusikia kwa shida. Alikishusha ukutani, akakifungua kifuniko mezani. Wavu mdogo unaofunika sikio lake ulikuwa mweusi. Akapitisha kidole, kikatoka na masizi, akakinusa. Wakati huo Sidi alikuwa anaingia kutoka uani na chetezo chake, moshi unamtangulia, na Lewis akakohoa.

"Hapa mnachoma nini?" akauliza.

"Udi na ubani, mwanangu," Bi Nasiha alisema, na alisema kwa fahari. "Nyumba ya watu haikai vivi hivi."

"Kila siku?"

"Asubuhi na magharibi. Alhamisi ndiyo zaidi. Muulize Sidi, yeye ndiye mwenye mkono."

Lewis alimtazama Sidi, akatazama chetezo, akatazama mahali palipoachwa msumari ukutani. Akakaa kitini bila kukaribishwa. Alipoanza kusema alisema polepole, kama mtu anayejihesabia kosa. Kisanduku hiki, alisema, kimekuwa kikisikiliza alfajiri na jioni, saa zile zile za moshi. Mvua ikanyesha, joto likapanda, nacho kikasikia kimya. Kikajifunza kwamba mvua na joto havileti mbu. Kikawaambia jirani zake, nao wote walikuwa sebuleni, wote katika moshi, wakajibu kwamba nao wameona hivyo hivyo. Mji wa Kale visanduku ni vingi na viko karibu karibu, vimekubaliana mpaka vimekuwa na neno moja. Neno hilo likapita Makadara likafika Majengo. Na Majengo kisanduku kiko peke yake. Tokeni ya umeme ikimwishia Gunga, kinalala, hakisikii mbu wala chochote. Kikiamka, kitu cha kwanza ni kuulizana na jirani, nao hukipa jibu lao. Kinaamini nusu. Kesho yake kinaamini nusu ya kilichobaki. Mwisho ukweli wake wenyewe unakwisha.

Sidi alikuwa bado amesimama na chetezo. Makaa yalikuwa yanamchoma vidole kupitia udongo na hakuyasikia.

"Kwa hivyo moshi wangu," alisema, "ndio unaosema kwetu hakuna mbu."

"Si wako peke yako, mama."

"Nimeuliza, ni moshi wangu?"

Lewis aliinamisha kichwa, akakubali.

Kuna hasira ya kumkasirikia mtu, na hiyo ina nafuu, unajua wa kumrukia. Hii ya Sidi haikuwa na mtu. Kijana yule alitaka kusaidia. Bi Nasiha alitaka kumheshimu mgeni. Visanduku navyo vilifanya kile vilichoumbiwa, kuulizana na kuaminiana. Na yeye alifanya kazi yake, aliyoifanya vizuri, asubuhi na jioni, akiipuliza kwa pumzi yake mwenyewe ili moshi ukolee. Wote wamefanya mema na mwanawe ndiye wa kulipa. Sidi alihisi kitu kinampanda, kitu cha miaka mingi, vile vyote alivyovimeza.

Alimwambia Lewis azime kile cha Majengo kisisikilize upuuzi wa jirani. Lewis akasema hana idhini, kisanduku kisichozungumza na vingine hakimo tena katika mradi, lazima aulize wakubwa. Kwa hiyo, Sidi akamwambia, visanduku havina mkubwa ila wewe unaye. Kitu kimoja angeweza kukifanya leo hii, Lewis alisema. Kuvitoa visanduku vyote sebuleni na kuviweka uani, vianze kusikia ukweli. Vitabadilika. Vya hapa vitawahi kwa kuwa viko pamoja, kile cha Majengo kitachelewa, wiki kadhaa, pengine hadi mvua iishe.

Bi Nasiha hapo ndipo aliposikia la kumgusa. "Mgeni wangu n'mtoe n'mpeleke uani, mlangoni pa choo? Na watu wakija waone? Hilo halitakuwa, mwanangu. Mtafute njia nyingine."

Sidi alikwenda mpaka mbele yake. Akakiweka chetezo juu ya kitambaa cheupe cha meza, kitambaa alichokifuma Bi Nasiha mwenyewe, na hakuweka kisahani chini yake.

"Bi Nasiha," alisema, na sauti yake haikupanda, "mgeni wako ataniulia mwanangu."

Akachukua leso yake na kapu lake, akatoka. Nyuma yake alisikia kitambaa kinaanza kunuka kuungua, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakurudi kuzima.

Alitembea kwa miguu hadi Majengo, na njiani alisema peke yake. Alimsema daktari, akamsema Bonface na maji yake ya kunywa, akamsema mwenye kiwanja aliye ng'ambo. Alipofika dukani kwa Gunga taa ilikuwa imewaka vizuri, kijani. Alipofika kwake alimkuta Wendy amelala juu ya mkeka na sare yake ya shule, viatu hajavua, soksi zile ndefu ziko miguuni. Alimgusa paji la uso. Hakuhitaji kuuliza.

Hospitalini wadi ilijaa. Vitanda vingine vililaliwa na watoto wawili wawili, na Sidi aliwajua kadhaa, watoto wa mtaa wao, wa ile mistari ya nyumba iliyozunguka shimo la msingi. Siku ya tatu homa ilishuka, na Sidi akafurahi, lakini muuguzi hakufurahi. Akamweleza kwamba sasa ndiyo saa ya kumtazama kwa makini. Jioni ile ufizi wa Wendy ulianza kutoka damu. Alitema kwenye kitambaa, akakitazama, akamtazama mama yake, akauliza kwa sauti ndogo kama ndiyo ile ya pili. Sidi alisema hapana. Alisema uongo huo bila kupepesa macho, akatoka nje kwenye veranda akapiga ukuta kwa kiganja hadi mtu mmoja akaja kumshika.

Walimtundikia maji, wakampima damu mara kwa mara, na siku mbili zikapita ambazo Sidi hakuzihesabu kuwa siku. Ya tatu yake Wendy aliomba chakula.

Bi Nasiha alikuja mchana huo. Alikuwa na mwavuli na chupa ya supu ya kuku, na alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu, naye si mtu wa kusahau kuvua viatu. Alisema kisanduku amekitoa. Kiko uani, juu ya birika, mlangoni pa choo, na kila mgeni anakiona. Alikuwa amekwenda mwenyewe mlango kwa mlango kuwaambia wenziwe wavitoe vyao, na wawili waliokataa aliwatolea yeye kwa mkono wake.

"Taa zetu zimegeuka nyekundu," alisema. "Na gari limekuja. Mtaa wetu umepulizwa jana."

"Na Majengo?"

"Nimepita kutazama nikija huku. Bado, mwanangu. Bado kijani."

Sidi alicheka. Si cheko la kufurahisha mtu. Mji wa Kale wenye ubani na udi wamepulizwa dawa, na Majengo wenye wagonjwa wangojee habari iwafikie jirani kwa jirani, ikipita Makadara, ikimkuta Gunga ana tokeni. Bi Nasiha alianza kulia taratibu, machozi ya mtu mzima yasiyotaka kuonekana. Sidi hakumbembeleza. Supu aliipokea, kwa kuwa Wendy alikuwa na njaa.

Jioni hiyo alimwachia Bi Nasiha mgonjwa, akaenda nyumbani kuchukua nguo safi. Chumbani, kwenye kizingiti cha dirisha, palikuwa na vitu vya Wendy alivyoviacha asubuhi aliyougua. Kitana, kioo, na kichupa cha rangi ya kucha aliyojinunulia kwa ajili ya likizo kwa kuwa shule hawaruhusu. Nyekundu. Sidi alikishika, akakitikisa. Mbu alikuwa ametua juu ya mkono wake, akamwacha anywe.

Akabeba stuli ya jikoni mpaka dukani. Gunga alikuwa nyuma ya wavu akipima sukari, akamwona anapanda, akatoka.

"Mama Wendy, hicho ni kitu cha watu."

"Na mtoto ni wa nani?"

Gunga naye alikuwa na mtoto wake kitandani ndani ya nyumba. Akamtazama, akarudi kupima sukari yake.

Sidi alipaka ile taa mara moja, akaipuliza ikauka, akapaka tena, na tena, mpaka jicho lile la kijani likazama na mahali pake pakawaka wekundu wa damu ya mzee. Akakaa juu ya stuli, chupa mkononi, akangoja. Magharibi gari likaja likitambaa kama kawaida yake, mtu amekaa nyuma akitazama kuta. Likapita. Likasimama. Likarudi nyuma.

Walishuka na mashine zao begani, na Majengo ikajaa moshi mwingine, mzito, mchungu, wa kuwasha koo. Watoto walitolewa nje wamefungwa leso puani. Walipuliza nyumba zote, chini ya vitanda, nyuma ya mapipa. Walimwaga dawa yao kwenye shimo la msingi. Watu walikohoa na kucheka, na mama mmoja akampigia kigelegele dereva, aliyeshangaa kwa kuwa hakuwa amepigiwa kigelegele Majengo siku nyingi. Sidi alisimama katikati ya moshi ule na hasira yake haikupungua hata chembe. Alikuwa ameidanganya serikali kwa rangi ya kucha ili apewe kilichokuwa haki yake.

Lewis alikuja Wendy alipokuwa amesharudi nyumbani, anakaa mlangoni juu ya mkeka, amekonda, nywele amezifunga kitambaa kwa kuwa zilikuwa zinamtoka. Alikuja na wembe. Alikuwa amekwisha kujua kilichofanyika, na kilichomjulisha ni mpangilio wa habari zenyewe. Taa za Makadara zilikuwa bado kijani, alimwambia Sidi, na Majengo hupata neno kupitia Makadara. Kisanduku cha huku hakiwezi kujua kabla ya jirani anayekiambia. Kwa hiyo aliyekiambia ni mtu.

Sidi hakukana. Alikwenda naye hadi dukani, na wanawake wa mtaa wakawafuata, hakuna aliyewaita. Lewis alipanda stuli ya Gunga, akaanza kukwangua. Rangi ilitoka vipande vipande, ikamwangukia miguuni. Alipomaliza alibaki juu pale akitazama, na wote waliokuwa chini wakaona alichokiona.

Kijani. Wiki nzima imepita, wadi imejaa watoto wa mtaa ule, na chini ya rangi taa ilikuwa bado inasema salama.

Lewis alishuka. Akasema kwamba wakianza kuzipaka taa basi mradi wote hauna maana, hakuna atakayeziamini tena.

"Mimi nimefanya kama visanduku vyako," Sidi alimjibu. "Nilichokisikia mwenyewe nimekisema, na mkubwa sikumuuliza. Tofauti yetu ni moja. Mimi jirani akiniambia mwanangu haumwi, nami namwona anatema damu, siendi naye nusu kwa nusu."

Wendy alikuwa amejikokota kutoka mlangoni hadi pale, ameegemea ukuta. Alitazama zile punje nyekundu chini, akamtazama mama yake, akauliza kama ndiyo ile rangi yake ya likizo. Sidi akatoa kichupa mfukoni mwa gauni. Rangi ilikuwa imebaki kidogo chini, ya kupaka mara moja, ukikwangua vizuri.

Mvua ilikuwa imeanza tena, manyunyu, na gari la dawa lingepita magharibi. Sidi alifungua kifuniko kwa meno, akapandisha gauni lake kidogo, akaweka mguu mmoja juu ya stuli. Stuli ilikuwa mbovu, mguu wake mmoja mfupi, ikainama upande. Lewis akautia wembe mfukoni, akachutama, akaishika stuli kwa mikono miwili isiyumbe.